Ndoo ya mama wa maandazi

Ndoo yenyewe ilikuwa ya plastiki, ya bluu, ya lita 20, mpini wake ulishakatika siku nyingi ukafungwa waya. Tuliiazima kwa mama muuza maandazi jirani na uwanja wa shule, kule Ujiji, kwa sharti tuirudishe nzima. Hatukuirudisha nzima. Wakati wa mapumziko, tukiwa tumefungwa bao moja tu, niliipiga teke. Ikaruka, ikaangukia jiwe, ikapasuka ubavu, na maji yote ya timu yakanywewa na mchanga.

Ilikuwa Septemba 2017, lile jua la Kigoma la kabla ya mvua, linalokukalia utosini kama mzigo. Vijana 15, wachezaji na sabu wao, walibaki wanaangalia lile doa jeusi ardhini likikauka. Hakuna aliyeguna. Kisha beki wetu wa kushoto akasema taratibu, wala bila ujeuri: "Kocha, hayo maji yalikuwa ya kwetu."

Kipindi cha pili tukala tatu nyingine. Jumla nne bila.

Hii nimeshaisimulia kijiweni mara nyingi, watu wanacheka, nami nacheka nao. Lakini sehemu ya kipa huwa naificha. Kipa wetu alikuwa na miaka 17, mrefu, mikono kama kasia, mtoto wa Gungu. Bao la kwanza lilikuwa kosa lake kweli: kona ikapigwa, akatoka, akaghairi, akabaki katikati ya safari. Nikamfokea palepale kutoka pembeni. Nikaendelea kumfokea mpaka mapumziko, na mapumziko nikamalizia kwa ndoo. Kipindi cha pili nilihamia karibu na goli lake ili anisikie vizuri zaidi, ndipo nikaona kitu ambacho miaka yote ya kupenda mpira sikuwahi kukiona. Kila mpira ulipokuwa unakuja, kabla hajauangalia, aliniangalia mimi. Ni kufumba na kufumbua: jicho linakuja kwangu, linarudi kwenye mpira. Bao la tatu liliingia ndani ya kufumba na kufumbua huko. Krosi ya kawaida, ya kudaka huku unaongea na simu.

Nilijua palepale. Nilijua, na bado nikamfokea.

Mimi si kocha wa vyeti. Nauza vipuri vya pikipiki Mwanga, na timu ya mtaa nilipewa kwa sababu mbili: nilikuwa na pikipiki ya kubebea mipira, na sauti ya kusikika mpaka upande wa pili wa uwanja. "Huyu atawanyoosha," alisema mwenyekiti wakati ananitambulisha, na vijana wakapiga makofi kama watu wanaoshangilia fimbo yao wenyewe. Nilivyocheza enzi zangu, kocha wetu alitembea na fimbo ya mpera, na nikikosa pasi nilisikia jina langu na la mama yangu kwa pamoja. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya kelele hudhani kelele ndiyo mazungumzo.

Na vibanda umiza, vile vya kulipia kutazama mpira, navyo vikatumalizia. Kijiweni kwetu, pale kwenye benchi la fundi viatu, kisa cha Alex Ferguson kilikuwa kama aya ya kukariri: Februari 2003 Manchester United wametolewa na Arsenal Kombe la FA, mbili bila, nyumbani Old Trafford, chumbani mzee anawaka, anapiga teke kiatu, kiatu kinamchana David Beckham juu ya jicho. "Huyo ndiye kocha," fundi viatu alikuwa akisema, akigonga soli. "Ubingwa wa Uingereza mara 13, unadhani ulikuja kwa kubembelezana?" Hakuna aliyemkumbusha kwamba msimu uliofuata Beckham alikuwa Real Madrid. Wala hakuna aliyemtaja Eric Cantona, aliyempiga shabiki teke Januari 1995 kwenye mechi na Crystal Palace, akafungiwa mpaka mwisho wa Septemba. Cantona alipotaka kuacha mpira wa Uingereza kabisa, Ferguson yuleyule wa kiatu alipanda ndege mpaka Paris kwenda kumrudisha. Kwa mmoja kiatu, kwa mwingine nauli ya ndege. Sisi wa mchangani tulichukua kiatu tu.

Timu iliyotufunga nne ilikuwa ya Kibirizi, na kocha wao alikuwa mzee mmoja fundi wa boti. Mechi nzima alikaa juu ya kreti ya soda, kofia yake ya kufumwa kichwani, mdomo umefungwa. Hata bao la nne alilipokea kama mtu anayerudishiwa chenji. Filimbi ya mwisho ilipolia, vijana wake wawili wakaja upande wetu na dumu la njano la maji. Mzee ndiye aliyewatuma. Wachezaji wangu wakanywa kwa zamu, wakiinua lile dumu kwa mikono miwili. Mimi sikunywa. Nilikuwa na aibu, na kipindi kile aibu yangu yote ilitoka kwa mlango wa hasira.

Kesho yake nikanunua ndoo mpya, nikampelekea mama wa maandazi. Akaigeuza geuza, akasema hata rangi siyo. Akaipokea.

Kipa ilichukua wiki tatu. Hakuja mazoezini, simu hapokei. Jioni moja nikawasha pikipiki mpaka kwao Gungu. Mama yake alikuwa uani anakaanga migebuka kwa mawese, moshi umetanda, na nikaona heri niseme mbele yake kuliko pembeni, maana nilimfokea mtoto wake mbele za watu. Nikasema samahani. Mama akageuza samaki, akasema, "Haya, kaa ule." Kijana mwenyewe alikaa kimya mpaka tukamaliza kula, ndipo akasema maneno ambayo mpaka leo sijayapata kwenye mafunzo yoyote ya ukocha: "Kocha, kona mimi naijua. Tatizo nikikusikia, sijui nifanye ya kwako au ya kwangu."

Jumatatu iliyofuata nikaenda Kibirizi kumtafuta yule mzee. Nia yangu, niseme ukweli, ilikuwa kujifunza upole kama mtu anavyojifunza kupika pilau: kiasi fulani cha hiki, kiasi fulani cha kile, funika. Asubuhi ile mwalo ulikuwa umechangamka, boti za usiku zimerudi, kina mama wanaanika dagaa na kupokezana mwakeye, salamu ya Kiha ya asubuhi. Nikamkuta amechuchumaa chini ya tumbo la boti kubwa iliyolazwa ubavu, anasukumia pamba kwenye nyufa za mbao kwa kipande cha chuma butu na nyundo ndogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu, na nikainama, nikidhani ananiambia siri. Sauti ilikuwa ya mchanga, ya kunong'ona, kama redio ambayo betri zimekwisha.

Nikamweleza nilivyokuja kutaka anifundishe utulivu. Akacheka. Kicheko chake kilikuwa cha mabega tu, hakina mlio.

"Utulivu? Mimi? Muulize mama watoto."

Kumbe miaka yake ya ujana alikuwa nahodha wa boti ya dagaa, na usiku ziwani sauti yake ilitoka taa moja ikafika taa nyingine. Alikuwa mtu wa kurusha vitu. Aliwahi kumrushia baharia wake ubao wa boti. Baadaye akaota uvimbe shingoni, akapasuliwa, akapona, lakini sauti haikurudi. Kwa hiyo ule ukimya wote niliouona juu ya kreti ya soda, na nikaenda kulala nikiuonea wivu, ulikuwa ukimya wa mtu aliyekosa koo.

"Mechi ya kwanza bila sauti tulifungwa saba," alisema. "Vijana wanageuka kuniangalia, mimi napepea mikono kama kuku. Ndipo nikaona. Nilikuwa nawachezesha kwa mdomo, kama mtu anayeswaga ng'ombe. Mdomo ulipokatika, ng'ombe wakasimama."

Hapo nilikaa chini kwenye mchanga, nikasahau duka.

Alichofanya baada ya zile saba hakikuwa na maajabu. Alichukua ubao wa boti, akachora uwanja kwa chaki, akakusanya vizibo vya soda, 11 vya rangi moja na 11 vya rangi nyingine. Jumanne kabla ya mazoezi vijana wanachuchumaa kuzunguka ubao, na yeye hasemi kitu, hawezi; anasogeza kizibo kimoja, kisha anamnyooshea kidole mmoja wao, mara nyingi yule mdogo kabisa, aeleze wengine 10 waende wapi. Akikosea, wenzake wanamkatalia, wanabishana, wanapatana. Alhamisi wanayafanya yaleyale uwanjani kwa miguu. Akaweka na alama za kofia: akiivua, mabeki wapande, akiisukuma nyuma ya kisogo, mpira utoke pembeni, akiishika kwa mikono miwili magotini, tulieni, kaeni na mpira. Siku ya mechi kazi yake ilikuwa imekwisha tangu Alhamisi. Ndiyo maana alikaa kwenye kreti. Hakuwa na la kufanya.

Niliondoka pale na harufu ya dagaa kwenye shati na kitu kimoja kichwani. Bahati mbaya nilikielewa nusu.

Nusu niliyoielewa ilikuwa ile ya kunyamaza. Mechi mbili zilizofuata nilitafuta kreti ya soda, nikakaa, nikafunga mdomo. Vizibo sikununua, Jumanne ilikuwa ileile ya kukimbia kuzunguka uwanja na kupiga mashuti. Tulifungwa zote mbili. Na wakati tunafungwa nilikuwa kwenye kreti nimekunja mikono, taya zimebana, mguu unatikisika, natoa hewa puani. Baada ya mechi ya pili, beki wetu wa kushoto, yuleyule wa maji, alipita nyumbani akamuuliza mke wangu kwa heshima zote: "Mama, kocha anaumwa?"

Mke wangu akaniambia usiku huo, huku anazima taa, "Wewe hukutulia. Wewe ulinuna." Ameishi nami miaka mingi, anajua tofauti. Kwa mbali zote mbili ni kimya, lakini ukikaa karibu na mtu aliyenuna unasikia joto. Vijana walikuwa wanalisikia. Kipa alikuwa bado ananiangalia kabla ya mpira, safari hii ili aone nimekunja uso kiasi gani.

Kijiweni nao hawakunionea huruma. Fundi viatu akaniletea Istanbul, 2005, fainali ya Ligi ya Mabingwa: AC Milan wanaongoza tatu bila mapumziko, kocha wao Carlo Ancelotti, mpole kuliko wote, Liverpool wanarudisha zote tatu na kuchukua kombe kwa penati. "Angewafokea mapumziko, wangelala?" Nilibishana naye siku nzima. Ancelotti huyohuyo alirudi fainali 2007 kule Athens, akawafunga Liverpool haohao mbili kwa moja, na baadaye akaongeza makombe mengine Real Madrid mpaka yakafika matano, ambayo hakuna kocha mwingine aliyeyafikisha. Lakini fundi viatu alikuwa na hoja ambayo hakuijua. Upole peke yake haujawahi kuzuia mpira usiingie golini. Mtu hawezi kusema Milan walifungwa kwa sababu kocha alitulia, na hawezi kusema walishinda Athens kwa sababu hiyo.

Basi nikanunua soda, si kwa ajili ya kunywa. Nikakusanya vizibo. Miezi ya kwanza ilikuwa ya tabu, kwa sababu vijana walizoea kuambiwa, ukimuuliza mtu "hapa wewe unakwenda wapi?" anakutazama kama umemtega. Lakini wakaanza kubishana wenyewe. Kipa ndiye aliyekuja kuwa mbishi kuliko wote. Akishika kizibo chake cha golini anapanga mabeki kama mama anayepanga vyombo kabatini. Mapumziko nayo nikayabadilisha: kwanza maji, na hakuna anayesema neno mpaka pumzi zirudi, kisha nasema jambo moja, moja tu, dakika zilizobaki ni zao. Kuchagua lile jambo moja ni kazi ngumu kuliko kufoka mambo 20. Siku nyingine nimefika mwisho wa mapumziko bado sijalipata, nikawaambia wanywe maji zaidi.

Julai 25, 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ililetwa kwetu, Simba na Yanga, Uwanja wa Lake Tanganyika. Asiyekuwepo Kigoma wiki ile asimuliwe tu: gesti zimejaa, watu wanalala kwenye mabasi, treni imefurika. Niliingia na vijana wangu wanane, tukakaa upande wa jua. Kipindi cha kwanza Mukoko Tonombe wa Yanga akala kadi nyekundu. Wenzangu wa kulia wanashangilia, wa kushoto wanalia, mimi nikajikuta naangalia mabeki wa Yanga. Uwanja ulikuwa unanguruma kiasi kwamba nilipomwambia kijana wangu aliyekaa ubavuni "angalia wanavyojipanga" hakunisikia, ikabidi nimvute shati. Sasa jiulize kocha aliye pembeni, beki yuko upande wa pili wa uwanja, atamsikia nini? Wale watu 10 walijishikilia mpaka dakika ya 79, Taddeo Lwanga alipowafunga kwa kichwa, mpira wa kona. Bao moja, Simba bingwa. Lakini kwa dakika zote zile za upungufu, walichokuwa nacho Yanga ni kile walichokuja nacho vichwani. Koo la nani lingewasaidia pale?

Jioni tunarudi kwa miguu kuelekea Mwanga, kipa wangu akasema, "Kocha, wale nao wana vizibo." Mimi nilikuwa Yanga siku ile, na bado nikacheka.

Sitaki msomaji afikiri nimekuwa mtakatifu, wala kwamba kila kijana alifurahia. Winga wetu wa kulia, mwenye mbio za ajabu na akili ya kuku, alinifuata dukani siku moja, akashika spoku bila kununua, mwishoni akasema, "Kocha, mbona siku hizi hunisemi? Umenikatia tamaa?" Kwake yeye kufokewa kulikuwa ndiyo kujaliwa, kwao, nilikuja kujua, hakukuwa na mtu wa kumuuliza hata ametoka wapi usiku. Ikabidi nimtafutie dawa yake. Kila mechi, dakika za mwanzo, namwita jina kwa sauti mara moja, "Weweee! Nakuona!", hata kama hajakosea kitu. Anainua mkono, anaanza kukimbia. Ukimfanyia hivyo kipa, umemwua. Wote wa mtaa mmoja, jezi moja.

2024 ilikuwa habari nyingine. Ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, samaki wazaliane. Boti zote zikapandishwa mchangani. Yule mzee wa Kibirizi, ambaye alishaacha ukocha, hakupumzika kwa kazi. Kila mwenye boti alitaka nyufa zizibwe sasa hivi. Na mimi mazoezini nilizoea vijana 18, nikaanza kupata zaidi ya 30. Mabaharia wa dagaa, watu wenye mabega, wasio na pesa mfukoni wala usiku wa kufanyia kazi. Wanakuja uwanjani saa kumi na moja jioni na hasira ya asubuhi nzima.

Siku moja mmoja wao, mkubwa, alimkanyaga makusudi kifundo cha mguu dogo mmoja wa sekondari aliyempiga chenga. Makusudi kabisa, nilimwona akiangalia mguu kabla ya kuukanyaga. Ile sauti ya mwaka 2017 ikatoka. Sikuita jina la mama yake. Nilisema tu, "TOKA NJE!", lakini nadhani hata stesheni ya treni walisikia. Uwanja mzima uliganda. Winga wangu, baada ya mazoezi, akaniuliza, "Kocha, hiyo ulikuwa umeiweka wapi?" Miaka saba kabla, sauti kama ile ilikuwa ni kelele za kawaida za Jumamosi, mtu hageuki.

Yule baharia alikaa nje, amejifunika uso kwa fulana. Niliposogea nikaona analia. Watoto wawili, mama mgonjwa, na mwezi wa pili bila hata kilo ya dagaa. Sikuwa na la kumwambia kuhusu mpira. Kesho yake alianza kuja dukani kunisaidia kufungua matairi, wiki tatu hivi, na dogo wa sekondari akaja kuombwa radhi palepale kwenye grisi.

Makocha wakubwa nao huadhibiwa kwa midomo yao, na mechi inaendelea bila wao. Januari ya mwaka huohuo, kwenye AFCON kule Ivory Coast, kocha wa Taifa Stars, timu yetu ya taifa, Adel Amrouche, alifungiwa na CAF, shirikisho la mpira la Afrika, mechi nane kwa maneno aliyoyasema kuhusu Morocco. Aliyeshika timu ni Hemed Suleiman, ambaye Watanzania wote wanamwita, ukitaka kucheka, Morocco. Stars wakatoka sare na Zambia moja moja, Msuva akitangulia kufunga dakika ya 11 na Patson Daka kurudisha dakika ya 88, kisha sare bila mabao na Kongo. Niliwasimulia vijana habari hiyo kwa kirefu, kama mtu mwenye hekima. Nikawaambia kocha anayetolewa anawaacha wachezaji wake yatima.

Kisha mwanzoni mwa Agosti, robo fainali ya kombe la mbuzi, nikatolewa.

Tulikuwa tunaongoza moja bila, zimebaki dakika kama 10. Winga wangu akaangushwa ndani ya boksi, kila mtu ameona, mpaka mama wa maandazi ameona. Refa akapeta. Sikumbuki nilivyoinuka kwenye kreti. Nakumbuka niko ndani ya uwanja, kofia mkononi, namweleza refa habari za macho yake na za ukoo wake. Tangu 2019 sheria za mpira zinamruhusu refa kumwonyesha kocha kadi kama mchezaji; zamani alikuonyesha mlango tu. Akaniinulia nyekundu. Vijana wa timu pinzani wakashangilia kama wamefunga. Nikavuka kamba, nikaenda kusimama chini ya mwembe, nyuma ya watazamaji, ambako ukisema kitu hata aliye mbele yako hasikii.

Chini ya mwembe nikamkuta mzee wa boti. Alikuja kuangalia mbuzi wa nani. Hakunisalimia, alisogea tu kidogo nipate kivuli.

Kona. Wao wanapiga, sisi tunajihami, wote 10 wamejazana mbele ya goli. Nikamwona kipa wangu, sasa mtu mzima wa miaka 24, kitambaa cha unahodha mkononi, anampanga yule baharia nguzo ya kwanza, anamsukuma winga atoke nje ya boksi. Nikanyoosha shingo, nikainua mkono ili nimwonyeshe kitu, hata sijui nini. Hakugeuka upande wangu. Hakujua hata niko mwembe upi. Mpira ukapigwa juu, ukaja na upepo wa ziwani, na macho yake yakaondoka nao kwenye mguu wa mpigaji mpaka kwenye viganja vyake, akatua nao kifuani, akalala juu yake.

Pembeni yangu nikasikia kitu kama majani yakikwaruzana. Mzee alikuwa amekunja ngumi, mishipa imemsimama shingoni pale penye kovu, anamwelekezea refa kidole.

"Huyu refa," alinong'ona kwa nguvu zake zote, "ningekuwa na koo langu, huyu refa ningemla na filimbi yake."

Nikamwomba apunguze sauti, tusije tukafukuzwa na hapo.